Fundi wa Nyumba ya Mpangaji

Fundi hakuliita lile jumba kwa jina lililokuwa mlangoni hata siku moja. Jina lile lilikuwa la bwana mmoja wa Kimarekani, mmoja wa wazee waliolisimamisha taifa lao zama hizo, ambaye kabla ya hapo aliishi London miaka mingi katika nyumba ile ile, kwenye njia nyembamba inayoshuka kuelekea Mto Thames nyuma ya stesheni ya Charing Cross. Wageni walitoka mbali kuja kuitazama. Ilikuwa bado imefungwa kwa matengenezo, imezungukwa na majukwaa ya chuma na maturubai, lakini walisimama nje wakaipiga picha hivyo hivyo. Fundi akitoka na ndoo yake aliwasalimu kwa adabu, kisha akawaambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba huyo waliyemfuata alikuwa mpangaji tu.

Halafu alinigeukia mimi, mtu wa Tanga, kwa Kiswahili. "Mtanga, mwenye nyumba ni bibi mjane. Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia na kumwashia moto. Leo nani anamjua? Mpangaji ndiye aliyeachiwa nyumba."

Alicheka akisema hivyo, nami nilicheka naye, mpaka nilipoijua habari ya Kiponda.

Habari yenyewe ni fupi. Baba yake alikuwa na nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Aliinunua ikiwa gofu akaisimamisha upya kwa mikono yake, maana naye alikuwa fundi. Baada ya Mapinduzi serikali iliichukua, ikawatia watu wengine, na Fundi, kijana wakati huo, akaondoka na sanduku moja. Kabla ya kuondoka aliapa mbele ya mama yake: maadamu watu wale wamo, mkono wake hautaigusa nyumba ile, wala ulimi wake hautaifaa kitu. Kiapo hiki kilijulikana na kila Mzanzibari wa London niliyekutana naye, kama inavyojulikana kwamba fulani hali pweza. Ukikaa naye meza moja harusini unaonywa mapema. Zungumza mpira, zungumza siasa, zungumza maradhi ya sukari, lakini Kiponda usiitaje.

Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, sikuuliza, na watu waliojua hawakuniambia. Mimi nilimkuta mtu mzima, mwembamba, mwenye vidole vilivyoliwa na chokaa mpaka alama zake zimefutika. Aliwahi kuniambia kwamba siku polisi watakapomtaka alama za vidole watapata karatasi nyeupe. Mimi nilikuwa mpaka rangi. Nilitoka Tanga na cheti changu cha kidato cha nne, nikakaa Maskati, nikakaa Rotterdam, nikachoka na meli. Mpaka rangi ni mtu anayemsubiri mpiga lipu, na lipu ikiwa ya chokaa humsubiri wiki nzima, wakati mwingine nne. Kwa hiyo nilimjua Fundi kwa kumsubiri. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama, nikamsikiliza.

"Mbona unatazama saa?" alikuwa akiniuliza. "Ndiyo maana wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Hata ukuta humalizi kuutazama."

Alivaa koti la sufi juu ya ovaroli, na kofia ya kiua aliyoivua tu akipanda jukwaa, akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga mfuko fundo. Chakula chake cha mchana kilikuwa chipsi zilizolowa siki. Mke wake alimfungia pilau, kila siku, na kila siku pilau ile tulikula sisi vibarua huku yeye akichovya chipsi. Nilipomuuliza sababu alisema pilau ni chakula cha kukaa chini, na yeye yuko kazini. Lakini Jumapili moja, hayuko kazini, nilimwona Peckham kwenye kituo cha basi anakula chipsi zile zile kwenye karatasi, amejificha nyuma ya tangazo.

Alikuwa mtu wa sala, na alikuwa mtu wa mieleka. Akirudi kutoka msikitini Ijumaa alitaka ahadithiwe nani kamwangusha nani kwenye televisheni, na kwa mambo yale alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Hakuwapenda watu wanaojisifu. Hata hivyo, akimaliza ukuta alisimama mbele yake mikono nyuma, akasema kwa sauti, "Hebu mtazame huyu," kama baba aliyeletewa bibi harusi.

Kazi ilipoanza jina lake liliandikwa kwenye karatasi kama kibarua. Hakuna aliyejua anachokijua, na yeye hakusema. Alibeba vifusi miezi miwili. Msimamizi wa kazi alikuwa mtu wa Ireland, mwekundu, mwema, lakini aliyekuwa akifukuzwa na tarehe ya kufungua nyumba. Siku moja akaleta mifuko ya saruji ili ukuta wa ngazini upigwe lipu umalizike. Ngazi ile ndiyo ngazi yenyewe aliyoipanda yule Mmarekani, mbao zile zile, na ukuta wake ulikuwa umebanduka vipande kama ngozi ya mgonjwa. Fundi aliiona mifuko. Akaweka toroli chini, akaenda akaketi kwenye ngazi ya tatu.

"Mzee, nipishe," msimamizi akasema.

"Sipishi."

"Saruji inakauka siku moja. Chokaa inataka mwezi."

"Nyumba hii imesimama karne mbili na zaidi. Mwezi mmoja kitu gani kwake?"

"Wewe ni nani hapa, mzee?"

Fundi alichomoa patasi mfukoni, akachagua mahali pamoja ambapo mtu fulani zamani alikuwa amekwisha kutia kiraka cha saruji, kigumu, laini, kizuri kuliko ukuta wote. Akagonga mara nne. Kiraka kikatoka kizima kama kifuniko cha chungu, na nyuma yake matofali yalikuwa maji matupu. Akatia kidole. Tofali likavunjika kama mkate uliolowekwa kwenye chai.

Wakati huo mchoraji wa ramani za majengo, mama mmoja Mwingereza mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa anashuka kutoka juu. Alisimama. Naye akatia kidole. Akamuuliza Fundi kwa sauti ndogo alijifunza wapi, na Fundi akasema, "Nyumbani."

Kisha akamwelezea, na kwa kuwa alikwama Kiingereza mara mbili alinifanya mimi mkalimani. "Mwambie ukuta wa zamani unapumua. Maji yanaingia, maji yanatoka. Ukiupaka saruji umeuziba pua. Utasimama, utaonekana mzima, lakini unakufa umesimama. Mwambie, Mtanga. Usipunguze."

Sikupunguza. Wiki ile ile mifuko ya saruji iliondoka, na Fundi akapewa ukuta wa ngazini, halafu chumba cha mbele, halafu nyumba nzima. Mshahara ulibadilika pia, lakini aliloringia yeye ni ufunguo. Alipewa ufunguo wake wa mlango wa mbele. Aliuning'iniza shingoni ndani ya fulana, na kila asubuhi alikuja kabla ya watu wote, afungue mwenyewe.

Chokaa ya London huchanganywa na nywele za mnyama ili ishike. Hilo hakulijua, maana Unguja hawatii. Mchoraji alipoleta ndoo ya kwanza na mfuko wa nywele, Fundi alirudi nyuma hatua mbili.

"Nywele za nini hizi?"

"Za mnyama," nikatafsiri.

"Mnyama gani?"

Mchoraji hakujua. Fundi akanawa mikono, akakaa. Siku mbili kazi ilisimama, msimamizi anazunguka na simu, mpaka mama wa watu akaandika barua kwa waliouza, nao wakajibu kwamba ni za mbuzi. Nikamsomea barua mara mbili, akanitaka nimwonyeshe neno lenyewe kwa kidole.

"Mbuzi?"

"Mbuzi, Fundi."

"Mbuzi halali. Leteni."

Nikamchokoza. Nikamwambia lipu ile ya zamani anayoibandua kila siku, yenye nywele zilizotiwa enzi za wafalme, nani aliandika barua kuiulizia? "Kuanzia leo nitanawa mara saba," akasema, na kweli alinawa mara saba, nikimhesabia, mpaka kazi ilipokwisha.

Kuna kisa cha yule Mmarekani kukaa uchi. Inasemekana alipenda kukaa dirishani asubuhi bila nguo, apate hewa, akiamini ni dawa. Fundi alipokisikia kutoka kwa mchoraji aliweka mwiko chini.

"Uchi? Na mwenye nyumba yumo?"

"Yumo."

"Na binti wa mwenye nyumba?"

"Naye yumo."

"Subhanallah! Na bado wamemwandika mlangoni." Lakini baadaye, tukila, alisema bila kutazama mtu kwamba huyo alijua hewa ni nini, na kama angekuwa fundi angekuwa fundi wa chokaa.

Hakuvumilia maombolezo. Wazanzibari wenzake walikuwa na mikutano yao, mara Woolwich, mara nyumbani kwa mtu, wanahesabu nyumba zilizochukuliwa na mashamba ya mikarafuu, wanahadithiana vitambaa na vyombo. Yeye hakwenda. "Machozi hayashiki mchanga," alisema. Lakini kila gazeti au kalenda yenye picha ya Mji Mkongwe aliichukua, akaikata. Mimi nilidhani anatunza kumbukumbu. Siku moja aliacha mkoba wazi nikaona kwamba kwenye kila picha alikuwa ametia alama kwa penseli, mshale hapa, mduara pale. Alikuwa akiandika nyufa. Mji mzima alikuwa ameukagua akiwa London, nyumba kwa nyumba. Picha za Kiponda tu ndizo hazikuwa na alama.

Kisa ambacho watu wa Peckham bado wanakihadithia ni cha masinia.

Mama mmoja wa Pemba alikuwa akifagia ofisi karibu na stesheni. Alimwona Fundi asubuhi moja, kofia kichwani, koti safi, anafika mbele ya jumba la ghorofa nne, anatoa ufunguo kifuani, anafungua, anaingia kwa mguu wa kulia. Akamwona na kesho yake. Akamwona akiwaambia Wazungu waliosimama nje habari za nyumba, kama mwenyeji. Mama wa watu akafikiri, akapata jibu moja tu: serikali ya kwao imemlipa Fundi fidia ya Kiponda, naye amenunua. Maneno yalipanda basi hapo, yakafika Woolwich kabla ya adhuhuri.

Jumamosi moja, majukwaa yamekwisha kuteremshwa, tukasikia mlango unagongwa. Nikafungua. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, mabuibui mazuri, masinia kichwani yamefunikwa kwa kawa, na mbele yao bi mkubwa mmoja wa Woolwich ameshika chetezo, udi unafuka.

"Fundi yuko wapi?" akauliza. "Mtu anaingia nyumba kimyakimya kama mwizi? Nyumba haiingiwi bila maulidi!"

Fundi alitoka chumba cha mbele, mikono myeupe kwa chokaa. "Bibi, nyumba si yangu."

"Usituringie."

"Wallahi si yangu. Ya Mmarekani."

"Yuko wapi huyo?"

"Kafa. Zamani."

"Basi kakuuzia nani?" Na bila kungoja akaingia, akatazama dari, akatazama ngazi. "Nyumba ndefu, lakini vyumba vyembamba. Watoto utawalaza wapi?"

Udi ukapanda ngazi. King'ora cha moto, kilichowekwa juma lile lile, kikalia nyumba nzima. Tukatoka sote barabarani, vibarua na mabuibui na msimamizi wa kazi, na masinia yote, hakuna lililoanguka. Mchoraji alikuja mbio kutoka ofisini kwake. Mimi nilikuwa najiandaa kuomba radhi kwa niaba ya taifa zima, lakini bi mkubwa alinitangulia, akafunua sinia, akampa kileja, kile kibiskuti cha samli. Mama wa Kiingereza akala. Akala na cha pili. Akaniuliza wanawake hawa wamekuja kufanya nini, nami nikamwambia: kuibariki nyumba. Akafikiri kidogo, akasema hakuna kifungu chochote kinachokataza, ila chetezo kibaki nje.

Wakasoma maulidi katika chumba cha mbele, nusu saa, chini ya dari aliyoipiga Fundi mwenyewe. Yeye hakuketi. Alisimama mlangoni, na bi mkubwa alipopita kutoka alimshika mkono akamwambia polepole, ila mimi nilisikia, "Tulifurahi, mwanangu. Tulidhani umelipwa."

"Sikulipwa, Bibi."

"Basi Mungu atakulipa."

Walipokwisha kwenda Fundi alisimama katikati ya chumba kitupu. "Mpangaji kasomewa maulidi," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakumbuka kwamba ukuta bado mbichi, akaapiza, akautengeneza pale alipougusa.

Nimeandika habari za kuchekesha kwa sababu ndizo nyingi. Iko moja isiyochekesha.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyebaki Unguja, alimpelekea bahasha ya picha. Fundi aliifungua tukiwa jikoni chini ya nyumba ile, tunakunywa chai. Zilikuwa picha tano za ukuta wa ndani, nyumba ya Kiponda. Kutoka juu ya dirisha ulishuka ufa, na waliokuwamo walikuwa wameupaka saruji, pana, nene, kama bendeji. Mpwa hakuomba kitu. Aliandika tu nyuma ya picha ya kwanza: *Mjomba, tazama.*

Fundi alitoa kioo chake cha kukuzia. Alizitazama picha zile kwa muda wa chai kupoa. Kisha akaanza kusema, na alisema na mimi, macho kwenye picha. Maji yanatoka darini, mfereji wa bati umeziba. Saruji imeyafungia ndani. Udongo ulio kati ya mawe unageuka tope na kushuka taratibu, ukuta unafura tumbo. Umebakiwa na miaka kumi, labda kumi na tano. Ukianza kufura upande wa chini hauna siku nyingi.

Nilikuwa nimekwisha kuchukua kalamu ya kuandikia vipimo. "Sema tena, Fundi, niandike. Nimpelekee mpwa wako."

"Ukiandika, Mtanga, usinijue."

"Lakini umekwisha kusema."

"Nimesema na wewe. Nyumba sijaisaidia."

"Watu wamo ndani."

"Najua wamo," akasema. "Kama wasingekuwamo ningekwenda na ndege ya leo."

Akazirudisha picha ndani ya bahasha. Nikamwambia neno ambalo mtu mdogo hamwambii mkubwa, kwamba anaupenda ukuta wa Mzungu aliyekufa kuliko watu walio hai. Hakukasirika. Alinijibu kwamba Mzungu yule hakumfukuza mtu. Tulimaliza nyumba, ikafunguliwa, tukasimama nyuma ya watu wakubwa tukapiga makofi. Mwezi uliofuata nikaondoka, Waja Leo mimi, nikaenda kupaka rangi Aberdeen, halafu Lisbon, halafu nikarudi Tanga nikashindwa kukaa. Kalamu ile nilikuwa nayo mkononi siku ile na sikuandika. Nililikumbuka hilo katika kila mji niliokaa.

Mwaka jana nilirudi London. Nilimkuta Peckham, ghorofa ya tano, kwenye flati anayokaa na binti yake muuguzi. Mke wake alikuwa amefariki. Macho yake yalikuwa yamepungua, akanijua kwa sauti.

"Umekuja leo?" akasema. "Unaondoka lini?"

Tulikuwa na saa moja tunazungumza, mieleka zaidi, simu ya binti ilipolia. Binti aliitazama, akaisikiliza, akaileta mezani akaiweka kwa sauti kubwa.

"Baba, mtu wa Unguja. Mara ya tatu wiki hii. Ni mama anayekaa Kiponda. Mpwa wako ndiye aliyempa namba."

"Mwambie nimelala."

"Mie sisemi uwongo, baba. Anakusikia."

Simuni ikatoka sauti ya mwanamke, si mzee, sauti ya mtu aliyepanga maneno yake toka asubuhi. "Shikamoo, baba."

Shikamoo haiachwi bila jibu, hata na mtu aliyeapa. Niliona midomo ya Fundi ikikataa kisha ikashindwa. "Marahaba."

"Baba, nimeambiwa nisikupigie. Nimeambiwa umeapa. Mie nimezaliwa humu. Baba yangu ndiye aliyewekwa, amekwisha kufariki, sikumtuma mimi. Najua nyumba ni yenu. Lakini watoto ni wangu."

Binti alisimama mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Mimi nilitazama zulia. Fundi aliegemeza mikono yake miwili juu ya meza, akakaa hivyo muda ambao mtu angeweza kukata simu mara kumi. Mama yule hakukata.

"Ufa umefika wapi?" Fundi akauliza.

"Umepita dirisha, umefika chini. Mkono unaingia."

"Mkono wako au wa mtoto?"

"Wangu, baba. Mpaka kiwiko."

"Na ukuta, chini, umetoka tumbo?"

"Umetoka. Kabati haligusi tena ukuta, limesukumwa."

"Chumba hicho analala nani?"

"Wanangu watatu."

"Watoe. Leo, si kesho. Watoe na godoro lao, wala mtu asibamize mlango. Jee, juu ya hapo yuko mtu?"

"Mama mkwe."

"Naye mteremshe. Abebwe akibidi."

"Ndiyo, baba." Tulisikia akiita watu, na miguu ya watoto, na sauti ya kizee ikigomba kwamba haendi popote. Fundi alingoja. Alikuwa amekaa wima, nikaona mabega yale ya siku alipoketi kwenye ngazi ya tatu kuizuia saruji.

Aliporudi kwenye simu alimpa kazi. Atafute miti mizito ategemeze dari pande zote mbili. Mfereji wa juu uzibuliwe. Saruji yote ibanduliwe, kwa patasi, kidogo kidogo, kuanzia juu.

"Kuna fundi hapa anasema tumwage zege tu, tuufunge."

"Huyo usimpe hata chai."

Mama akacheka, kicheko cha woga kilichopata mahali pa kutokea. Fundi hakucheka. Aliendelea. Chokaa ya mfuko asinunue. Anunue iliyochomwa, ya mawe, na achimbe shimo uani, kina cha kiuno, aimwage humo, atie maji, aifunike kwa mchanga iive. Ikiwa mbichi itampasukia ukutani.

"Inaiva kwa muda gani, baba?"

"Miezi sita. Kisha unipigie nikwambie kuchanganya."

"Miezi sita..." mama akaanza, hakumaliza.

"Unataka kuniuliza kama ntakuwepo."

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema. Kile kisima cha uani kipo bado?"

"Kipo. Tumekifunika kwa mbao."

"Chimba upande wa pili wake, mbali na msingi. Una jembe?"

"La jirani lipo."

"Basi unangoja nini na simu mkononi?"